Kiapo dhidi ya umodernisti kilikataza nini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Padre mzee aliyestaafu parokiani kwetu anasema kabla ya kupewa daraja aliapa “kiapo dhidi ya umodernisti”. Ni kiapo gani? Mapadre wa leo nao wanakiapa? Je, kilikataza kusoma Biblia kitaalamu? — Msomaji, Tabora

JIBU: Milele amina. Kiapo hicho kilitolewa na Papa Pio X tarehe 1 Septemba 1910. Walioapa ni mafrateri waliokaribia ushemasi mdogo (daraja lililotangulia ushemasi), maparoko, waungamishi, wahubiri, wakuu wa mashirika ya kitawa na walimu wa seminari. Kilifutwa mwaka 1967. Siku hizi anayekaribia ushemasi hukiri imani na kula kiapo cha uaminifu, kwa maneno yaliyowekwa mwaka 1989.

Kiini cha kiapo hicho kimo katika Pascendi, waraka wa Pio X wa Septemba 1907. Wamodernisti walifundisha kwamba imani huchipuka kutoka hisia za ndani ya mtu, na dogma, yaani mafundisho rasmi ya imani, ni alama tu za hisia hizo. Hisia zikibadilika, maana ya dogma nayo ibadilike. Ukikubali hilo, Pasaka haisimami tena. Ndiyo maana orodha ya kauli 65 zilizolaaniwa Julai mwaka huohuo ina kauli ya 36, isemayo kwamba ufufuko si tukio la kihistoria hasa. Kiapo kikajibu: Mungu aweza kujulikana kwa akili, Kanisa liliwekwa na Kristo mwenyewe, mafundisho ya mitume yanabaki na maana ileile, na imani ni akili kuukubali ukweli uliosikika kutoka nje, si msisimko wa moyo. Hapo Pio X alikuwa sahihi kabisa.

Kuhusu Biblia, soma kwa makini. Kiapo hakikukataza kuchunguza maandiko ya kale. Kilikataza kuufanya uchunguzi huo kuwa kipimo pekee na cha juu kabisa, huku Mapokeo ya Kanisa yakiwekwa kando.

Kilichoharibika ni utekelezaji. Pascendi iliagiza kila jimbo liwe na baraza la kuangalia mafundisho ya kimodernisti, likutane kila baada ya miezi miwili. Juu ya hayo Monsinyori Umberto Benigni akaunda mtandao wa siri wa kukusanya habari za walioshukiwa. Watu waaminifu wakaumia: mwaka 1912 baadhi ya vitabu vya Padre Marie-Joseph Lagrange, Mdominiko aliyeanzisha shule ya Biblia Yerusalemu, vilizuiwa seminarini, ingawa alikuwa amempinga waziwazi Alfred Loisy, padre Mfaransa mmodernisti aliyetengwa na Kanisa mwaka 1908. Haikuwa haki. Novemba 1914 Papa Benedikto XV aliwaagiza Wakatoliki waache kubandikana majina, na mtandao wa Benigni ukavunjwa mwaka 1921. Wataalamu wa Biblia walisubiri hadi 1943, Papa Pio XII alipowahimiza kutumia lugha za asili na kuchunguza aina za uandishi za kale.