Vidonge vya jirani, hata kama mko kabila moja

Shangazi yangu wa Chamwino alishindwa kumeza mlenda. Mtu wa Dodoma akisoma hapo ameshaelewa: mlenda unateremka wenyewe, ukimshinda Mgogo mtu mzima ujue kuna jambo. Nilipofika, midomo yake ilikuwa imevimba kama aliyeumwa na nyuki, ulimi umejaa kinywani, maneno hayatoki.

Kosa lilikuwa langu. Wiki mbili nyuma dawa zake za presha ziliisha, jirani akatugawia zake. "Sisi damu moja, kinachonifaa mimi kitamfaa na yeye." Nikavibeba vidonge kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa 1x1, basi. Hospitalini daktari akauliza mama anatumia dawa gani. Nikampa kibahasha. Akakigeuza, akanitazama. Ikabidi nimpigie jirani anisomee boksi herufi moja moja: e, n, a, l... Enalapril.

Enalapril, pamoja na ndugu zake captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya kinachochangia kupandisha presha. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hichohicho ndicho huvunjavunja bradikinini, kemikali inayofanya mishipa midogo ivujishe maji. Kikizuiwa, kemikali hiyo hurundikana mwilini. Wengi hawaoni lolote, wengine hupata kikohozi kikavu, wachache huvimba uso na koo. Marekani imeonekana kwamba watu weusi huvimba hivyo mara tatu hivi au zaidi ya weupe. Tena ikitumiwa peke yake, kwa weusi wengi haishushi presha vizuri kama amlodipine, dawa ya presha ya kundi jingine.

Sasa mbona jirani, Mgogo vilevile, anaimeza miaka na miaka na hana shida? Hapo ndipo nilipoacha kuamini habari ya "damu moja". Hapa katikati ya nchi tu kuna Wagogo na Warangi wenye lugha za Kibantu, Wasandawe wenye lugha ya vidoko, Waburunge Wakushi, na Wabarbaig upande wa Hanang. Afrika ndiko binadamu wanakotofautiana zaidi kijenetiki kuliko bara lolote, na ndani ya kabila moja bado watu hawalingani. Wanaokumbuka efavirenz, dawa ya virusi vya UKIMWI, kabla dolutegravir haijachukua nafasi yake, wanajua: chumba kimoja, dozi moja, huyu analala fofofo, yule anaota ndoto za kutisha na kuamka na kizunguzungu. Mabadiliko ya jeni ya CYP2B6, yaliyo mengi Afrika, hufanya ini liiondoe dawa hiyo polepole. Kodeini, dawa ya maumivu, nayo kwa baadhi ya Waethiopia hugeuzwa mofini, dawa kali zaidi, haraka mno.

Kuna jingine ambalo watu wetu hulikosea. Kabila tunalihesabu kwa baba, lakini upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, mtoto wa kiume huupata kwa mama. Mwenye upungufu huo akipewa primakwini ya malaria au dapsoni ya ukoma, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola. Kwa hiyo ukiulizwa historia ya familia usiishie kwa babu mzaa baba. Waulize wajomba kama kuna dawa iliyowahi kuwaletea hali hiyo.

Nyumbani siku hizi maboksi matupu ya dawa hayatupwi, yanakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Duka la dawa wakikupa vidonge kwenye kaki, waombe waandike jina la dawa na miligramu. Wengine watanuna, waache wanune. Daftari la kliniki la shangazi lina neno enalapril kwa wino mwekundu, limepigiwa mistari miwili, maana aliyevimba mara moja hapewi tena hiyo wala ndugu zake. Anatumia amlodipine. Jioni miguu inajaa kidogo, analalamika kweli, ila mlenda unapita.

Na uvimbe huu unaweza kuja hata baada ya miaka ya kutumia dawa bila tatizo. Ukiona midomo inajaa au sauti inabadilika, acha hicho kidonge na utafute bodaboda au gari usiku huohuo. Sisi tulisubiri kupambazuke.