Kuwahoji wavuvi wakiwa na nafasi
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wavuvi wa Pangani hukukwepa mara tu unapotoa kinasa sauti. Asubuhi, samaki wanaponadiwa, hakuna mwenye nafasi ya kukujibu. Subiri mnada uishe na wakae kushona nyavu, kisha uwaamkie wazee, ujitambulishe wewe na kituo chako cha redio, na ueleze habari itatangazwa lini kabla ya kuomba ruhusa ya kurekodi. Ukiuliza kama bei ni nzuri utajibiwa ndiyo au hapana, ilhali ukiuliza jana ndoo ya dagaa iliuzwaje, mtu atasimulia. Kijana wa chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 bado ni mtoto, usimrekodi pasipo idhini ya mzazi au mlezi.