Simbilisi anakojoa damu tena: picha kwanza, dawa baadaye

Mkojo wa simbilisi huwadanganya wengi. Ukiwa mzito kama maji ya mchele, ukakauka na kuacha unga mweupe, mara nyingi hiyo ni kalsiamu iliyozidi tu. Utumbo wa mnyama huyu, ambaye kule Kivu wanamwita dende, hufyonza kalsiamu ya chakula bila kujali kama mwili unaihitaji, kisha figo huachiwa kazi ya kuitoa. Wekundu nao si lazima uwe damu, kwani mkojo wake una rangi za asili zinazoweza kuupa wekundu au uhudhurungi. Kijiti cha kupimia mkojo hukata ubishi kwa dakika moja.

Mtandikie kitambaa cheupe kikavu, umtazame kwa nusu saa. Akikunja mgongo, akainua matako, akatoa kilio chembamba na yakadondoka matone mawili tu, ana maumivu. Kisha chukua ule unga uliokauka, usugue kati ya vidole. Ukiwa laini kama chaki, ni kawaida. Ukikwaruza kama mchanga, peleka habari hiyo kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dume asiyetoa hata tone ni dharura, usisubiri kesho.

Mara ya kwanza, si kosa daktari kuanza na antibayotiki na dawa ya maumivu. Tatizo likirudi, usikubali chupa nyingine kabla ya eksirei. Jiwe hukwaruza kibofu, bakteria hujificha humo. Dawa huwapunguza, mnyama anachangamka, ikiisha wanarudi. Mawe mengi ya simbilisi ni ya kalsiamu, kwa hiyo huonekana vizuri kwenye picha. Omba picha ianzie kwenye figo hadi mwisho kabisa wa mrija wa mkojo, miguu ya nyuma ikiwa imevutwa. Picha iliyokatwa kwenye nyonga huacha jiwe lililokwama karibu na tundu, na hilo ndilo mara nyingine hutolewa kwa dawa ya usingizi bila kupasua tumbo. Kwa jike ongeza altrasaundi, maana damu ya kizazi hutoka pamoja na mkojo na kuonekana kama ugonjwa wa kibofu.

Tafadhali usimpe amoksilini ya dukani. Penisilini na jamaa zake zikipita mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, wale wenye sumu wakatawala, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Antibayotiki zinazotumika zaidi ni kotrimoksazoli na enrofloksasini, kwa kipimo cha daktari, baada ya kumpima uzito.

Jiwe likionekana ndani ya kibofu, uliza mambo haya: figo zikoje? Daktari ameshawapasua simbilisi wangapi? Atapewa dawa gani ya maumivu baadaye? Anayekuambia umshindishe njaa usiku kucha kama mbwa hamjui mnyama huyu. Simbilisi hatapiki, na utumbo wake ukikosa chakula husimama. Baada ya upasuaji, kama hataki kula mwenyewe, loweka pelete (chakula chake kikavu cha punje) zilizosagwa, umlishe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yenyewe, mililita 10 hivi, mara 5 au 6 kwa siku. Polepole, kutoka pembeni mwa mdomo, asije akapaliwa.

Mawe hurudi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mpe nyasi kavu, kama za Rhodes, wakati wote. Alfalfa waachie wadogo na wenye mimba. Mchicha na spinachi visiwe chakula cha kila siku. Maji ayapate muda wote, na majani mpe yakiwa yameoshwa na bado yana maji. Vitamini C anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kila siku, na akiumwa hadi 50. Robo ya pilipili hoho husaidia sana. Vitamini hiyo usiitie kwenye maji ya kunywa, huharibika upesi.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, saa ileile. Akishuka gramu 50 usingoje dalili nyingine. Mwenye miaka 3, anayekula vizuri, mwenye jiwe moja na figo safi, tunasema apasuliwe. Mwenye miaka 6 ambaye jiwe limerudi mara ya tatu, amekonda na figo zote mbili zina mawe, kisu kitamwongezea maumivu kuliko siku. Huyo apewe meloksikamu, dawa ya maumivu, na chakula anachokipenda, na siku atakapokataa hata hoho, mwombe daktari amlaze usingizi wa mwisho kwa sindano akiwa mikononi mwako.