Maswali ya Wasomaji: Nyavu na Mitungi Zisiposhikana

SWALI: Natengeneza nguzo za ua kwa mitungi ya maji iliyosagwa. Kila kilo nne naongeza kilo moja ya nyavu kuukuu za nailoni. Mashine naiweka nyuzi 190 za Selsiasi. Nguzo zikipigwa misumari zinapasuka kwa matabaka. Muuzaji ananishauri niongeze udongo wa nano. Utasaidia?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Tuanze na moto. Polithini ya mitungi huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, nailoni ya nyavu (aina iitwayo "nailoni 6") kwenye 220. Kwa 190 nailoni yako haiyeyuki hata kidogo. Unasukuma nyuzi nzima ndani ya uji wa polithini. Pasua nguzo uitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nyuzi zimechomoka safi na kuacha vitundu laini, kama palipong'olewa msumari, basi hakuna kilichoshikana.

Kupandisha hadi 235 ni nusu ya dawa. Nailoni hupenda maji, polithini huyakataa. Hata zikiyeyuka zote mbili, nailoni hukaa matone makubwa yanayobanduka. Unahitaji kiunganishi: polithini iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki. Upande wake wa polithini hujichanganya na mitungi, na anhidridi hufungamana na amini, yaani vikundi vya nitrojeni vilivyo kwenye ncha za minyororo ya nailoni, humo humo mashineni.

Kwa kilo 25, pima kilo 19 za mitungi, 5 za nyavu, 1 ya kiunganishi. Changanya vikiwa vikavu kabla ya kumimina. Mashine ya skrubu moja huchanganya kivivu, kwa hiyo pitisha mara mbili.

Nyavu ndizo zenye kazi. Kata kamba, maboya na risasi, osha mchanga, kisha tumbukiza vipande kwenye maji yenye sabuni kidogo: nailoni itazama, polithini na polipropilini zitaelea. Kausha kwa nyuzi 80 saa 8 hadi 12, uzitie mashineni zingali moto. Kuanika juani hakutoshi, maana nailoni hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya ziwani unaijua. Maji yakibaki, kwenye nyuzi 235 hukata minyororo ya nailoni na kuacha mapovu. Gunia la kiunganishi nalo lifunge. Unyevu huiharibu anhidridi.

Udongo wa nano ni vitabaka vyenye unene wa nanomita 1 hivi. Asilimia 1 hadi 3 huzuia matone yasiungane na huongeza ukakamavu, ila haugundishi nailoni na polithini. Nguzo kakamavu isiyoshikana ndani itapasuka upesi zaidi. Tena chumvi za amoniamu zilizopakwa kwenye udongo huo huanza kuvunjika karibu na nyuzi 200, chini ya moto unaouhitaji. Pesa hizo nunulia kiunganishi.

SWALI: Nikichanganya mitungi ya polithini na beseni za polipropilini, kiunganishi cha maleiki kitafaa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: La. Polipropilini haina amini ya kushikwa. Tumia raba ya ethilini na propilini, asilimia 5 hadi 10, mashine ikiwa nyuzi 200 hivi. Usijaribu kuzitenga kwa maji, zote huelea. Soma namba iliyo chini ya chombo: 2 ni ya mitungi, 5 ya beseni.