Lami ya zamani kwenye mchanganyiko mpya: angalia lundo kwanza, asilimia baadaye

Nafanya kazi maabara ya planti ya lami hapa Ohio, Marekani, na madogo wa ujenzi huko nyumbani kila mara wananitumia meseji, swali ni lile lile, "braza, lami iliyokwanguliwa kwenye barabara kuukuu tunaweza kuirudishia kwenye lami mpya asilimia ngapi?" Mi nawauliza, lundo lenu mmeliweka wapi na lina maji kiasi gani? Wengi hapo kimyaa.

Kiukweli hili jambo siyo geni, huku walilivalia njuga baada ya mafuta kupanda bei 1973, na leo barabara kibao zina asilimia 20 hivi ya lami ya zamani na kwa macho huwezi kuzijua. Hesabu yake ni tamu. Tani moja ya mchanganyiko, weka kilo 200 za lami ya zamani yenye bitumeni (ile gundi nyeusi inayoshika kokoto) asilimia 5, tayari una kilo 10 mkononi, kama diseni inataka kilo 55 unanunua 45 tu (japo ile ya zamani siyo yote inalainika na kufanya kazi, tusidanganyane), na kokoto umeokoa pia. Bosi akiona hivyo kesho anataka muweke 40.

Sasa njoo kwenye maji. Hizo kilo 200 zikiwa na unyevu wa asilimia 5 ni kilo 10 za maji kwenye kila tani, planti ikitoa tani 1,000 kwa siku mnachemsha lita elfu 10 za maji na mafuta ya kuchemshia mnalipa nyie. Halafu lami ya zamani haipigwi na moto moja kwa moja, itaungua itoe moshi wa bluu, joto inalipata kutoka kwenye kokoto mpya zilizopashwa kuliko kawaida, kwa hiyo lundo likilowa kokoto inabidi zipashwe zaidi na zaidi, na bitumeni mpya ukiimwaga juu ya kokoto za moto hivyo inazeeka kabla hata tipa haijatoka getini.

Jengeni paa. Nguzo na bati, pembeni pawe wazi upepo upite, sakafu ngumu yenye mteremko. Turubai hapana, linafungia mvuke na unyevu unabaki humo humo. Na jamani loda (mashine ya kuchotea) isipande juu ya lundo! Kwa jua la Dar ile kitu inagandamana, baadae unalisha mabonge. Unyevu pima kila asubuhi, usichote pale juu palipokauka, loda ipige ndani kwanza ndo uchukue. Gramu 1,000 weka oveni nyuzi 110 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike, ikibaki 955 maji yalikuwa gramu 45, kama asilimia 4.7 ya uzito mkavu. Mi nikiona namba hiyo napunguza asilimia ya siku, opereta atanuna, anune tu.

Kitu kingine, usichanganye mizigo hovyo. Mashine ya kukwangua inavunja kokoto, vumbi la kupita chekeche la milimita 0.075 linaongezeka, na wakizamisha meno mpaka kwenye besi (tabaka la chini ya lami) wanakuletea na udongo. Huku sampuli tunaichoma kwenye oveni ya nyuzi 538, bitumeni yote inaisha zinabaki kokoto tupu, unazichekecha unajua umeshika nini. Upande huu wa lundo ukisoma bitumeni 4.1 na ule 5.8, usilishe, lichanganywe upya, la sivyo barabara itatoka jasho hapa (bitumeni inapanda juu) na kuchambuka mbele kidogo (kokoto zinang'oka).

Hayo yakikaa sawa ndo tuongee asilimia. Chini ya 15 tumia bitumeni yako ya kila siku. Kati ya 15 na 25 shuka daraja moja laini zaidi, huku tunatoka PG 64-22 kwenda PG 58-28 (ndo majina ya madaraja ya bitumeni ya huku), kwa waliozoea daraja la 60/70 linalopimwa kwa sindano fikirieni 80/100, kwa sababu ya zamani imeshakauka na jua na hewa, usipoilainisha barabara inapasuka mapema. Juu ya 25 pimeni bitumeni zote mbili maabara kabla ya kuamua. Na kama planti yenu ni ya bachi (inachanganya mkupuo mmoja mmoja) ya kizamani, haina njia yake ya kuingizia lami ya zamani, mi ningeishia 10, 15 kwa kujikaza, hata bosi aseme nini.