Kwa nini mpiga saksafoni alipuliza kimyakimya kabla ya kuanza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mgeni aliyepiga saksafoni pamoja na piano katika ukumbi wa chuo hapa Iringa alipuliza hewa kimyakimya kwa muda, kisha akamwomba mpiga piano apige noti moja tu. Sababu kubwa ni baridi yetu ya Julai. Hewa ikiwa baridi, sauti husafiri polepole zaidi ndani ya bomba, hivyo sauti ya saksafoni hushuka chini ya ile ya piano, chombo ambacho hakiwezi kurekebishwa pale pale. Kwa hiyo mpigaji huipasha joto kwa pumzi yake, huisikiliza noti ile, kisha husukuma kidogo kipande cha mdomoni kwenye shingo ya chombo mpaka sauti mbili zitulie pamoja bila kutetemeka. Waliokaa mbele walimwona pia akilowesha kwa mate ulimi mwembamba wa tete. Huo ndio unaotikisika na kuzaa sauti, na ndiyo maana chombo hiki cha shaba, ambacho Adolphe Sax alipata hataza (haki ya uvumbuzi) yake Ufaransa mwaka 1846, huwekwa kundi moja na klarineti, ambayo nayo hutumia tete, si tarumbeta. Kwangu mimi dakika zile ni sehemu ya muziki wenyewe, nami nakusihi safari ijayo uzisikilize kwa makini.