Kwa nini anayenyata ndiye anayeuawa kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchezaji wa Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta ambamo timu mbili hupigana kwa bunduki, moja ikitaka kutega bomu na nyingine ikilinda. Ninaishi Majengo, Moshi, na ninatumia kompyuta yangu mwenyewe kwa intaneti ya simu. Nimejizoeza kucheza kwa kunyata: ninashikilia kitufe cha Shift karibu raundi nzima, ninabana ukuta na kumngoja adui kwenye kona. Hata hivyo, adui akitokea ananiua kabla sijafyatua, na mara nyingine ninakufa wakati nimekwisha kurudi nyuma ya ukuta. Je, wapinzani wangu wanatumia programu za udanganyifu, au kunyata kwangu kuna kasoro? Na bunduki yenye kizuia sauti ingenisaidia?

JIBU: Marahaba, kijana. Wadanganyifu wapo, sikatai, lakini dalili ulizozitaja zinaelezeka bila kumshuku mtu yeyote. Umejificha mahali ambapo jiometri ya kona inampa adui nafasi ya kukuona kwanza, kisha mtandao unaotumia unamwongezea faida yule anayesogea dhidi ya yule anayengoja. Kunyata kwenyewe hakuna ubaya. Ubaya ni kunyata raundi nzima, ilhali ni jambo la kufanya kwa sekunde chache, mahali maalumu, na kwa sababu unayoijua.

Nianze na kona, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi ninaowafundisha hapa Arusha hupoteza raundi zao. Wanaoanza huamini kwamba kadiri unavyobana ukuta ndivyo unavyofichika. Katika mchezo huu jicho lako liko katikati ya mwili, na mabega yanajitokeza kando ya jicho hilo. Chukua kona moja, wewe ukiwa hatua 2 kutoka kwenye ncha yake na adui akiwa hatua 8 upande wa pili. Mstari unaotoka kwenye jicho la adui na kupita kwenye ncha ya kona hulifikia bega lako kabla mstari wa jicho lako haujalifikia bega lake. Ukipiga hesabu ya pembetatu zinazofanana utakuta kwamba, wakati wewe ndiyo kwanza unaanza kuuona ukingo wa bega lake, yeye amekwisha kuona robo tatu ya kipande chako kilicho kati ya jicho na ncha ya bega. Kwa mchezaji mwenye mkono mwepesi, kipande hicho kinatosha. Mkiwa na umbali sawa kutoka kwenye kona mnaonana kwa wakati mmoja, na ukiwa mbali na kona kuliko yeye, hesabu hiyo hiyo inahamia upande wako.

Kwa hiyo, unapolinda eneo B, moja ya sehemu mbili za kutegea bomu (A na B) katika ramani ya Dust II, na unawatarajia adui watokee kwenye handaki, usijibanze kwenye ncha ya kwanza unayoikuta. Rudi nyuma, acha ncha ya kona iwe karibu na adui kuliko ilivyo karibu na wewe, na uwe na kitu cha kujikinga upande mmoja utakakorejea baada ya kufyatua. Kukaa karibu kabisa na njia ya adui kuna kazi yake pia, hasa ukiwa na shotgani na umekwisha kuzisikia hatua zake, lakini huo ni mtego wa kumkamata mtu mmoja, na wa pili akija nyuma yake mara nyingi huna pa kukimbilia.

Sasa mtandao, ambao ndio unaokufanya ufe nyuma ya ukuta. Seva rasmi, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, zilizo upande wetu wa Afrika ziko Johannesburg, takriban kilomita 2,700 kutoka Moshi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 27 hata ungeletewa waya mlangoni. Kwa hali halisi, njia haijanyooka na vituo ni vingi, hivyo pingi, yaani namba unayoiona kwenye skrini ikionyesha milisekunde za safari hiyo ya kwenda na kurudi, huwa kubwa zaidi. Tuseme adui ana pingi ya 40 na wewe una 60. Hatua aliyopiga inachukua milisekunde 20 kufika kwenye seva na nyingine 30 kukufikia wewe, jumla 50, kabla ya kuhesabu muda mdogo ambao mchezo wenyewe huuongeza ili mwendo wa wachezaji uonekane laini. Mtu anayekimbia na AK-47 huenda yuniti 215 za ramani kwa sekunde, na mwili wake una upana wa yuniti 32. Katika milisekunde 50 hizo amekwisha kusogea karibu yuniti 11, yaani theluthi ya mwili wake iko nje ya ukuta kwenye skrini yake huku kwako bado hajatokea. Wewe uliyesimama tuli, yeye anakuona pale pale ulipo.

Kufa ukiwa umekwisha kujificha ni tawi la jambo hilo hilo. Seva inapopokea risasi ya adui hurudisha nafasi za wachezaji nyuma kidogo, hadi kwenye hali aliyoiona mpigaji wakati anafyatua, kisha huamua kama amekupata. Kwake bado ulikuwa wazi; kwako ulikuwa umekwisha kurudi. Utaratibu huu unaudhi, lakini bila huo kila mchezaji angelazimika kulenga mbele ya adui kwa kukisia pingi yake, jambo ambalo kwa sisi tulio mbali na seva lingekuwa baya zaidi.

Pingi ya umbali huwezi kuiondoa. Unachoweza kuondoa ni kuyumba kwake: unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, zima masasisho yanayojipakua yenyewe, na kwenye mipangilio ya mchezo punguza kiwango cha juu cha pingi unachokubali ili usitupwe kwenye seva za mbali zaidi. Upande wa uchezaji, usiweke alama ya shabaha kwenye ukingo wenyewe wa ukuta. Mtu wa kawaida huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuona na kubonyeza, na katika muda huo adui anayekimbia amesogea zaidi ya upana wote wa mwili wake. Alama ikae mbali kidogo na ukingo, kwenye usawa wa kichwa, ili aingie ndani yake mwenyewe.

Nikirudi kwenye Shift: ukinyata unakwenda kwa karibu asilimia 52 ya mwendo wako wa kukimbia. Njia ya sekunde 10 inakuwa ya sekunde 19. Raundi ina dakika 1 na sekunde 55, na aliyenyata tangu mwanzo hufika kwenye eneo la bomu wakati wenzake wanne wamekwisha kupigana bila yeye, jambo ambalo timu pinzani hulijua kwa kuhesabu tu. Ukimya una thamani pale ambapo adui anatarajia kusikia kitu na hakisikii, au pale ambapo kelele iko upande mwingine. Wenzako wakirusha mabomu ya moshi na kufyatua kuelekea A, wewe kimbia bila woga sehemu ambayo hakuna adui wa kukusikia, kisha nyata hatua za mwisho tu kabla ya kona ambayo unadhani ina mtu. Ramani ndogo iliyo pembeni ya skrini inakusaidia hapa, kwa sababu unapotoa kelele huchora duara linaloonyesha sauti yako inafika wapi. Duara lisipogusa mahali adui anapoweza kuwapo, kunyata ni kupoteza muda.

Kumbuka pia kwamba hatua si kelele pekee. Kuruka, kujaza magazini na kufungua darubini ya bunduki kubwa, vyote husikika. Anayeanza kutegua bomu naye husikika, na hapo muda unabana kweli kweli: bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40, kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 ukiwa na vifaa vya kutegulia vinavyogharimu dola 400 za mchezo. Mlinzi mwerevu hugusa bomu mara moja na kuliacha, adui aliyejificha akidhani ameanza kazi hutoka, na wakati huo anayesogea ndiye anayekuwa windo. Haya yote yanahitaji hedifoni yenye masikio mawili yanayofanya kazi. Nimeona katika kumbi za michezo, Arusha na Moshi, vijana wakilaumu bahati yao ilhali upande mmoja wa hedifoni umekufa. Hapo unasikia kwamba adui yupo, lakini hujui yuko kushoto au kulia.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: unapomfyatulia adui, je, umesimama? Risasi za mtu anayetembea hutawanyika, hata akiwa ananyata. Kama unakwenda kulia, bonyeza kitufe cha kushoto kwa kitambo kidogo ili mwili usimame papo hapo, kisha fyatua. Jizoeze hilo mwenyewe dhidi ya roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, kabla ya kuingia kwenye mechi, kwa maana bila hilo nafasi nzuri yote niliyoieleza hapo juu inaishia kwenye risasi za ukutani.

Kuhusu kizuia sauti, bunduki ya M4A1-S, ambayo inacho, hununuliwa na upande wa walinzi tu. Faida yake ni kwamba mlio wake hausikiki mbali sana na njia ya risasi haionekani, kwa hiyo unaweza kupiga kupitia moshi bila kumwonyesha adui ulipo. Gharama yake ni magazini ya risasi 20 badala ya 30 za M4A4, mwenzake isiyo na kizuia sauti, na risasi moja ya kichwani haimwangushi adui aliyevaa kofia ya chuma, tofauti na AK-47. Kwa mtu anayelinda peke yake kwa umbali wa kati, kisha akahama baada ya kila shambulio, ningeichagua. Kwa namna unavyocheza sasa, ukiwa umebana ukuta mahali pamoja, adui atakuwa amekuona kabla mlio wowote haujatoka.